Kusoma mazingira ukiwa na miaka arobaini: milango iliyo wazi Bujumbura na ile iliyofungwa

Kila msimu wa mvua mito ya Bujumbura inapojaa, kazi hugawanyika kwa namna ileile. Kuna wanaobeba mawe na kujaza gabioni kando ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha, wanaochimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko juu milimani, na wanaomwagilia miche kwenye vitalu. Wengi wao ni watu wazima wa miaka 35, 40 na kuendelea, wenyeji na wakimbizi, na baadhi wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Halafu kuna yule anayechora ramani, anayeandika ripoti na anayeamua gabioni ikae upande gani wa mto. Huyo ana shahada. Tofauti ya mshahara kati ya hao wawili kila mtu anaijua.

Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji wa Bujumbura na wa kambini ni kama mtu wa kundi la kwanza anaweza kuhamia kundi la pili, akiwa ameshapita umri wa kukaa darasani na vijana wa miaka 20. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, ila si kwa njia ambayo watu wengi huianza. Wengi huanza kwa kutafuta ufadhili wa masomo. Mtu mzima akianzia hapo hukutana kwanza na mlango uliofungwa.

Tuanze na sababu ya swali hili kuwa zito hapa kuliko sehemu nyingine. Mji wa Bujumbura umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mirwa, ambayo ni mikali sana na inalimwa hadi juu. Mvua ikinyesha Isare, maji yake yanafika mjini baada ya muda mfupi yakiwa na udongo, mawe na chochote yalichokutana nacho. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji ya aina hiyo yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama na Buterere. Desemba 2019 maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 huko Cibitoke. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na Gatumba ikaingia majini, maelfu ya familia zikahama. Tangu hapo ziwa lenyewe limepanda mara zaidi ya moja, na Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa kimataifa kwa sababu ya mafuriko na kupanda huko kwa ziwa.

Juu ya hayo, Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, zaidi ya watu 60,000 walivuka kutoka Kongo kuingia Burundi ndani ya wiki chache. Wengi walifikia uwanja wa Rugombo, kisha wakapelekwa Musenyi. Kila familia iliyofika inahitaji kuni za kupikia, nguzo za kibanda, na mahali pa choo ambapo hapatachafua kisima cha jirani. Mambo haya yote matatu ni somo la mazingira, na yote matatu huzaa ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji pale yasiposimamiwa na mtu anayejua ardhi ile.

Kwa hiyo kazi ipo. Tatizo liko kwenye karatasi.

Ufadhili unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI, ambao UNHCR inauendesha tangu 1992 kwa fedha nyingi za serikali ya Ujerumani. Umesomesha vijana wengi wa nchi hizi na hatuna neno baya juu yake. Lakini matangazo yake kwa kawaida huweka kikomo cha umri, karibu miaka 28 wakati wa kuanza masomo, na fedha zingine nyingi za aina hii zinafuata mkondo huohuo. Hoja ya wafadhili inaeleweka: fedha ni chache, na kijana ana miaka mingi mbele yake ya kuzitumia. Mwaka 2019 ni asilimia 1 tu ya wakimbizi duniani walioweza kuingia elimu ya juu. Kufikia 2023 ilikuwa asilimia 7, na lengo ni 15 ifikapo 2030. Ukiwa na viti vichache hivyo, lazima uchague nani akae.

Hata hivyo, hoja hiyo inafaa zaidi kwa udaktari au uhandisi wa kompyuta kuliko kwa kazi ya kutunza mlima. Anayesimamia bonde anahitaji kusikilizwa na wakulima wa bonde hilo. Kijana wa miaka 23 aliyetoka chuoni jana akimwambia mzee wa Mubimbi asilime hadi ukingoni mwa mto, mzee atamjibu kwa heshima, kisha atalima hadi ukingoni mwa mto. Mtu wa miaka 42 mwenye mikono inayoonyesha kwamba ameshika jembe anaanzia mahali pengine kabisa. Umri katika fani hii ni sehemu ya sifa za kazi, na mpango wa ufadhili usiouona unapoteza kitu ambacho tayari kimelipiwa, tena kwa miaka mingi ya jasho.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufikia kilele mwaka 1964. Wazee wa Buyenzi na wa Rumonge waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka maji yalifika wapi. Nyumba nyingi zilizozama miaka ya karibuni zilijengwa baadaye na watu ambao hawakuliona ziwa likiwa juu, ingawa Kanuni ya Maji ya 2012 inaweka mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo la umma. Mwanafunzi mtu mzima anayejua wa kumuuliza, na anayejua pia kusoma jedwali la vipimo vya ziwa, anaweza kuliweka jambo hili mbele ya kamati ya mtaa kwa namna ambayo hata mtaalamu aliyeletwa na ndege hawezi.

Sasa milango. Nchini Burundi njia kuu ya kuingia Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza 1964, ni Mtihani wa Serikali unaofanywa mwishoni mwa sekondari. Chuo kina kitivo cha kilimo na bayoinjinia ambacho kimetoa wataalamu wengi wa ardhi na misitu wa nchi hii. Kwa mwenyeji aliyefaulu mtihani huo miaka iliyopita akaishia kwenye kazi, karatasi yake haijaoza na anaweza kuitumia. Ila masomo ya mchana hayamwachii mtu mwenye watoto wanne nafasi ya kutafuta unga. Ndiyo maana watu wazima wengi wa Bujumbura husoma vyuo vikuu vya binafsi vyenye madarasa ya jioni. Kabla ya kulipa ada, uliza mambo mawili: kama chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na wizara ya elimu, na kama somo lenyewe lina kazi ya shambani na maabara. Shahada ya mazingira iliyosomwa yote ubaoni, bila mtu kushika udongo, waajiri huijua mara moja.

Mtu mwenye diploma ya A2 ya kilimo au ya mifugo yuko karibu zaidi kuliko anavyodhani. Wapo wengi kwenye milima yetu, wakiwemo wale moniteri wa kilimo ambao wakulima wanawajua kwa majina. Wengi wao hujiona wa daraja la chini, na wengi wanazijua aina za udongo za tarafa yao kuliko kitabu chochote.

Kwa upande wa Tanzania kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994. Kilitengenezwa hasa kwa mtu anayefanya kazi: unasoma ukiwa kwako, unakwenda kituoni kwa mitihani, na kasi unaipanga mwenyewe. Kina masomo ya mazingira, na kwa asiyefikisha alama za kuingia moja kwa moja kina kozi ya msingi ya kumwandaa. Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ina pia utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Uganda nao wana mtihani wa watu wazima: mwenye miaka 25 na zaidi anaweza kuufanya Makerere na kuingia bila kufuata njia ya kawaida ya alama za sekondari. Ni utaratibu mzuri, na sioni kwa nini Burundi, ambayo iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, isijadili wa kwake.

Hapa wasomaji wetu wanagawanyika. Mrundi aliyerudi kutoka Nyarugusu au Nduta anakijua Kiswahili, pengine na Kiingereza kidogo, na anaweza kupanda gari hadi mpaka wa Mugina na Manyovu akaenda Kigoma kufanya mtihani. Mkimbizi wa Kongo anayeishi Bujumbura hawezi kuvuka hivihivi. Anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na akivuka bila utaratibu anahatarisha hadhi yake. Asianze masomo ya nchi nyingine kabla hajazungumza na ONPRA na UNHCR kuhusu safari za mitihani. Ni afadhali kujua mapema kuliko kujua siku tatu kabla ya mtihani, ada ikiwa imeshaliwa.

Lugha nayo ni ukuta, na watu hawaisemi vya kutosha. Bujumbura chuo ni Kifaransa. Kigoma na Kampala ni Kiingereza. Mkongo kutoka Uvira au Fizi aliyesoma hadi sekondari ana Kifaransa, na hapa yuko mbele ya jirani yake aliyekulia kambini Tanzania. Mrundi aliyerudi akiwa na elimu ya miaka kumi ya kambi mara nyingi hukwama hapo, ingawa akili anayo. Mtu mzima asione haya kutumia mwaka mzima kwa lugha tu kabla ya chuo.

Kuhusu vyeti vya zamani, Mkataba wa 1951 wa wakimbizi, kifungu cha 22, unataja wazi utambuzi wa vyeti na shahada za nje, pamoja na msamaha wa ada na nafasi za ufadhili. Mkimbizi asitendewe vibaya kuliko mgeni mwingine aliye katika hali kama yake. Mwenye diploma ya serikali ya Kongo, au aliyesoma taasisi ya maendeleo vijijini ya ISDR Bukavu kabla ya kukimbia, anayo haki ya kuomba ulinganifu. Aliyepoteza karatasi zake ana kazi kubwa zaidi, maana chuo kilichotoa cheti kiko kwenye eneo la vita au hakijibu barua. UNESCO imeanzisha pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi, inayotolewa baada ya mahojiano na uchunguzi pale vyeti visipopatikana. Zambia ilikuwa ya kwanza Afrika kuijaribu, mwaka 2019. Burundi ina maelfu ya watu wa kufaidika nayo, na hili ni jambo la kudaiwa kwenye vikao vya elimu, sisi wa mashirika tukiwa wa kwanza kuulizwa.

Na kwa kuwa nimetaja mashirika: kila mradi wa mazingira una warsha zake. Siku tatu za majiko sanifu, siku tano za vitalu, siku mbili za kupanda matete na majani ya kuzuia udongo kwenye mistari ya kontua. Mwisho kunatolewa cheti chenye nembo nne na picha ya pamoja. Kuna watu wana vyeti kumi na viwili vya namna hii kwenye bahasha ya nailoni, na vyote kwa pamoja haviwapi hata nusu mwaka wa chuo. Mafunzo yenyewe mara nyingi ni mazuri. Kasoro ni kwamba hayakupangwa ili yahesabike. Kama yangeandaliwa pamoja na chuo, yakiwa na saa zinazojulikana na mtihani mdogo, mtu angekusanya warsha zake kama mtu anavyokusanya matofali. Gharama ya ziada si kubwa ukilinganisha na bei ya ukumbi na posho. Ugumu ni kwamba mradi huisha baada ya miezi 12 na chuo kinataka makubaliano ya miaka, na hapa sina dawa ya haraka.

Nini hasa kinasomwa? Watu wengi wanafikiri ni kupanda miti. Miti imo, lakini sehemu kubwa ni kuelewa maji na udongo. Kwa mfano, kiasi cha udongo kinachoondoka shambani hutegemea nguvu ya mvua, aina ya udongo, mteremko na urefu wake, mimea inayofunika ardhi, na hatua ambazo mkulima amechukua. Mvua na aina ya udongo huwezi kuzibadilisha. Mteremko unaweza kuukata kwa matuta. Kifuniko cha ardhi unaweza kukibadilisha msimu huuhuu. Mwanafunzi hujifunza kukadiria kila kimoja kwa namba, kisha kusema ni hekta zipi juu ya Ntahangwa zikitunzwa kwanza zitapunguza matope mjini. Hapo ndipo tofauti na cheti cha warsha inapoonekana: warsha inakufundisha kuchimba mfereji, na chuo kinakufundisha kuchagua mlima.

Vivyo hivyo kwa ziwa. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutoa maji, Lukuga, upande wa Kalemie, na maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa halina njia ya kujitua mzigo haraka. Nchi nne zinaligawana, Kongo na Tanzania zikiwa na sehemu kubwa, Burundi asilimia 8 tu, Zambia 6. Mkataba wa pamoja wa kulisimamia ulitiwa saini mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko hapahapa Bujumbura. Anayelijua hili hawezi kudanganywa kwamba kupanda kwa maji ni kazi ya mtu fulani au ya kabila fulani. Katika mji ambao uvumi umewahi kugharimu maisha, hiyo si faida ndogo.

Watu wazima wanaogopa takwimu. Ni kweli ni ngumu ukiwa hujafanya hesabu kwa miaka ishirini. Ila aliyewahi kuendesha duka Buyenzi au kugawa mbegu kwa familia 300 kambini amekuwa akifanya wastani na asilimia bila kuziita hivyo. Ramani za kompyuta zinatisha zaidi kwa macho kuliko kwa kazi. Programu ya QGIS ni bure, picha za setilaiti za Sentinel-2 na Landsat nazo ni bure, na za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, kwa hiyo unaweza kuona mwenyewe jinsi miti ilivyopungua kuzunguka kambi fulani au jinsi Rusizi ilivyohama. Kinachokosekana ni kompyuta inayofanya kazi, umeme usiokatika na bando la intaneti. Kwa upungufu wa mafuta tulioishi nao miaka hii, hata kurudi nyumbani baada ya darasa la jioni ni mtihani mwingine.

Kwa wanawake mtihani huo ni mara mbili. Darasa linaisha saa mbili usiku, basi halipo, na njia ya kwenda Kinama au Buterere haina taa. Tunawasikia akina mama wakisema mume alikubali ada lakini hakukubali saa. Chuo kinachotaka wanafunzi wanawake wazima kiweke masomo ya Jumamosi mchana na chumba cha watoto. Fani yenyewe inawahitaji: anayeokota kuni ndiye wa kwanza kujua msitu umefika wapi.

Je, ukimaliza utapata kazi? Kwa mwenyeji, nafasi zipo ila si nyingi: Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira (OBPE), tarafa, miradi ya upandaji miti kama ule wa kitaifa wa Ewe Burundi Urambaye ulioanza 2018, na mashirika. Kwa mkimbizi kuna jambo la kisheria analopaswa kulijua kabla ya kutumia miaka minne. Burundi ilipojiunga na Mkataba wa 1951 iliweka tamko kuhusu kifungu cha 17, kinachohusu kazi za mshahara, ikikichukua kama pendekezo na si wajibu kamili. Hii haina maana kwamba mkimbizi haajiriwi, na wapo wanaofanya kazi. Ina maana kwamba shahada haimfungulii mlango peke yake, na mwaka 2025 fedha za misaada zilipopungua, hata kazi za mashirika zilipungua nazo. Mimi bado naona inafaa kusoma, kwa sababu udongo wa Kivu Kusini nao unateremka kuingia ziwa hilohilo, na siku ya kurudi watahitajika watu wanaojua kulisoma bonde. Lakini anayeuza shamba au pikipiki ili alipe ada afanye hesabu yake akijua hili.

Tahadhari moja ya mwisho, maana ujumbe umekuwa mwingi kwenye simu. Ufadhili wa kweli haukutozi ada ya kujaza fomu, wala haukuombi picha ya kitambulisho chako cha ukimbizi kupitia WhatsApp. UNHCR ina orodha yake ya mtandaoni ya nafasi za masomo zilizohakikiwa, iitwayo Opportunities, na ndiyo ya kuangalia kwanza. Kozi za bure za mtandaoni, kama za OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ni nzuri kwa kupima kama fani inakufaa. Zinatoa hati ya kushiriki tu, wala hazihesabiki kama mwaka wa chuo, hata akikuambia nani.

Na zile bahasha za vyeti vya warsha msizitupe. Andikeni nyuma ya kila kimoja saa zilizotumika, jina la mkufunzi na kazi mliyoifanya kwa mikono, mkiambatanisha barua ya msimamizi wa mradi akiwa bado yupo mjini. Wakati wa kutambuliwa ujuzi, au wa kuombea mtihani wa watu wazima, karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa, na wasimamizi wetu huhama kila mwaka.